Chaya ya Uyole: mama mwenye sukari asage juisi mbichi, au tuendelee kupika mboga?

BintiUyole ameuliza:

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo.

Naomba msaada kabla nyumba yangu haijagawanyika kambi mbili. Nyuma ya jiko nina chaya, kile kichaka ambacho majani yake huliwa kama mboga. Mwalimu mwenzangu mwenye asili ya Chimala alinipa vijiti wakati wa mvua, nikavichomeka kando ya ukuta, vikashika vyote. Ilipofika Machi kichaka kilikuwa kimenifika kifuani. Tukawa tunachuma, tunachemsha, tunaunga na karanga, watoto wanakula bila kelele. Kwa mchicha muujiza huo haujawahi kutokea kwangu.

Sasa mama amekuja kutoka Rungwe kukaa na mimi. Ana sukari ya muda mrefu. Anameza metformini asubuhi na jioni, na kliniki ya mwisho wamemwongezea glibenklamaidi. Wenzake wa kwaya ya akina mama wamemweleza kwamba chaya inamaliza sukari kabisa: unachuma majani mabichi, unasaga kwenye blenda na kipande cha nanasi, unachuja, unakunywa glasi nzima kabla ya chai. Anasema wapo walioacha vidonge na wanalima kama wasichana. Alipoona kichaka changu alimshukuru Mungu kwa sauti. Kesho yake nimerudi kazini nikamkuta amechuma beseni zima, ananiuliza blenda iko wapi. Nikamwambia imeungua. Iko juu ya kabati, nimeifunika na kitenge.

Nilimzuia kwa sababu yule mwalimu alinisisitizia kwamba chaya hailiwi mbichi, ina sumu ya jamii ya muhogo mchungu. Mama akanijibu hivi: "Sasa mboga uliyowalisha wajukuu wangu jana jioni, leo imekuwa sumu?" Nikakosa la kusema. Kama kuna mtu anayeweza kumjibu mama yangu swali hilo kwa maneno ambayo mtu mzima atayakubali, nitashukuru.

Halafu kuna mengine mawili. Tangu baridi ya Juni ianze, majani yanageuka njano na kudondoka kuanzia chini, matawi yamebaki uchi. Inakufa? Mama anasema imenuna kwa sababu nimeinyima kazi yake. Na kwenye basi akija huku alinunua unga wa kijani kwa mtu aliyepanda akihubiri dawa, kimfuko kimeandikwa "chaya asilia" basi, hakuna jina wala anwani. Nao niufanyeje?

Naomba wenye uzoefu. Ujumbe wa WhatsApp wa kusambazwa ninao wa kutosha, ndugu zangu wananitumia kila asubuhi.

---

Soweto Kwetu amejibu:

Dada acha kumbania mama. Hiyo mimea Mungu aliiweka kabla ya hospitali. Huko Mexico ilikotoka wanasaga mbichi na nanasi na limau wanakunywa mchana kweupe, nenda YouTube utaona. Shangazi yangu hapa Mbeya anaitumia na sukari imeshuka. Sumu sumu, mbona kisamvu tunakula tangu enzi za mababu?

---

Mzee wa Ismani amejibu:

Kamwene mwanangu, na marahaba. Mama yako naye mfikishie salamu zangu, maana swali lake limenifurahisha. Nimekuwa bwana shamba Ismani, Pawaga na mwisho Ilula mpaka nikastaafu, na katika miaka yote hiyo wakulima walioniuliza kwa mantiki ya namna hiyo walikuwa wachache.

Mwambie hivi. Jani la chaya likiwa limetulia juu ya mti halina sumu iliyo tayari. Lina kitu kinachoitwa linamarini, ndicho hichohicho kilichomo kwenye muhogo na kwenye kisamvu. Ndani ya jani hilohilo, mahali pengine, kuna kimeng'enya, yaani kichocheo cha kuivunja linamarini. Jani likiwa zima hivi viwili havikutani. Ukilitafuna, ukilitwanga, ukilisaga, kuta zinavunjika vinakutana, na hapo ndipo sianidi, sumu yenyewe, inapozaliwa. Blenda ni hodari kuliko meno ya mbuzi katika kuvikutanisha. Basi ukisaga ukanywa papo hapo, umeitengeneza sumu na kuipokea ikiwa bado mbichi.

Jana jioni wajukuu hawakudhurika kwa sababu katikati kulikuwa na moto. Sianidi ya hidrojeni huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, yaani chini hata ya jua la Pawaga mchana. Ikikutana na maji yanayotokota haikai, inaondoka na mvuke. Jani ni lilelile la jana na la leo. Kilichopungua kwenye glasi ya mama ni moto.

Ndiyo maana chaya hupikwa chungu kikiwa wazi. Ukifunika, mvuke unagonga mfuniko unarudi chini.

Muda wa kuchemsha unaotajwa mara nyingi ni dakika 20. Lakini wewe uko Uyole, na hapo naongeza jambo ambalo video za pwani hazitakwambia. Kwenye mwinuko wenu, zaidi ya mita 1,700, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95, hayafiki 100. Kila mgeni kutoka Dar anayepika maharage Mbeya kwa mara ya kwanza analalamika kwamba maharage ya huku ni magumu, kumbe maji ndiyo yamechemka mapema. Kwa hiyo ninyi nendeni hadi nusu saa, mkihesabu tangu sufuria ianze kutokota, si tangu mlipowasha mkaa.

Nakuja kwa kijana wa Soweto. Ni kweli, Yucatan, huko huko Mexico, wapo wanaoisaga mbichi na nanasi. Sitakubishia ulichokiona. Ila Wamaya, wenyeji wa huko, wameishi na mmea huu vizazi na vizazi, wanajua aina zao kwa majina, na aina hazilingani: nyingine zina linamarini kidogo, nyingine nyingi. Ile ya porini ina hadi vinywele vinavyowasha kama upupu. Sisi huku tumepeana vijiti mlango kwa mlango, Chimala hadi Uyole, na hakuna hata mmoja aliyekuja na cheti cha ukoo. Wewe unajua ya shangazi yako ni aina gani? Na kisamvu unachokisema, babu zako hawakukila kibichi. Bibi alikitwanga, akakichemsha mpaka jirani akauliza unapika nini tangu mchana. Ile kazi yote haikuwa kwa ajili ya ladha peke yake.

Mwaka 1985 huko Tarime, mkoani Mara, ukame ulipobana watu walikula muhogo mchungu bila kuuloweka na kuukausha inavyotakiwa, kwa sababu njaa haingoji. Wakatokea watu, wengi wao watoto na akina mama, miguu imekakamaa ghafla, hawawezi kutembea sawasawa, na miguu hiyo haikurudi tena. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Sisemi glasi moja ya chaya itamfanya mama yako hivyo, nisije nikashitakiwa kwa kutisha watu. Konzo hutokana na kula sana, kwa wiki nyingi, na chakula kingine hakuna. Nataja ili Soweto Kwetu ajue kwamba sianidi ya kwenye mboga si hadithi ya kuzuia watoto wasichezee bustani.

Kwa watu wa nyanda hizi naongeza rovu. Wa umri wangu tunawakumbuka akina mama wenye shingo zilizovimba, kila kijiji. Nyanda za Juu Kusini zilikuwa kati ya sehemu zilizoathirika zaidi kwa ukosefu wa madini joto, mpaka tukagawiwa vile vidonge vya mafuta, baadaye chumvi yenye madini joto ikaenea. Mwili unapopambana na sianidi kidogokidogo, unaigeuza kuwa kitu kinachozuia tezi ya shingo kuchukua madini joto. Mtu anayekunywa mbichi kila asubuhi huku nyumbani anatumia chumvi ya mawe isiyo na madini hayo, anaitafuta rovu ya bibi yake.

Haya, mti wako. Haufi, umelala. Chaya ni mtoto wa nchi ya joto, Yucatan ni tambarare, chini, kuna jua na mawe ya chokaa. Pawaga na Usangu inasitawi hata kiangazi, kwa sababu ukame inauvumilia vizuri sana. Isichokiweza ni baridi. Kwaruza gome kwa ukucha: ukiona kijani chini yake, mti bado uko hai. Punguza maji kipindi hiki, mizizi iliyolala ikilowa inaoza, na huo ndio ugonjwa ninaouona zaidi kwa watu wa Mbeya, wanaona majani yanadondoka wanakimbilia ndoo. Baridi ikipungua, Septemba hivi, kata matawi yaliyorefuka, na mvua ya Novemba ikiingia utaona machipukizi. Walio Njombe na kule Kitulo ambako sakitu, ule umande unaoganda kwa baridi, inapiga, nadhani wasijisumbue, au waipande kwenye ndoo waiingize ndani.

Halafu hakikisha una chaya. Vunja kikonyo cha jani, chaya inatoa utomvu mweupe kama maziwa, na jani limechanika sana, maua yake ni madogo meupe yaliyokaa kwa mafungu. Nasema hivi kwa sababu mbono kaburi tunaupanda sana kwa ua, nao ni ukoo uleule wa muhogo na mnyonyo. Nimeona mtu akionyesha mbono kwa fahari akiuita chaya. Mbono ni sumu, upikwe usipikwe.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku amejibu:

Mzee shikamoo, umesema vizuri. Mimi niko kwenye dawa.

Dada BintiUyole, suala la blenda au sufuria sio hatari pekee kwa mama. Umetaja glibenklamaidi. Dawa hii inaisukuma kongosho itoe insulini, mgonjwa awe amekula au hajala, haijali. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kumshusha mtu kupita kiasi, lakini glibenklamaidi inaweza, na kwa wazee tunaiangalia kwa jicho la karibu. Chaya imejaribiwa kwa panya maabara na kuna dalili kwamba inashusha sukari. Tuseme ni kweli inafanya hivyo kwa binadamu. Basi mama anakunywa glasi asubuhi tumbo tupu, ameshameza kidonge kinachoshusha, chai bado. Sukari ikienda chini ya 4 ataanza kutoka jasho la baridi, kutetemeka, njaa kali, kuongea maneno yasiyoeleweka. Ndugu wengi wakiona hivyo wanadhani sukari imepanda, wanamnyima kitu kitamu. Tafadhali: mpe maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, au soda ya kawaida, akishatulia ale chakula. Akiwa hajitambui usimtilie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Na kama siku moja kuna aliyekunywa mbichi akapata kichwa kikali, kizunguzungu, kichefuchefu, moyo kwenda mbio na pumzi kuwa nzito, msingoje ipite. Hospitali, na semeni wazi alichokunywa. Watu wanaficha dawa za kienyeji wakiona koti jeupe, tunabaki tunabahatisha.

Hao wanaolima kama wasichana, swali langu kwao huwa moja: wamepima? Sukari ya juu haiumi. Mtu anaacha vidonge anajisikia mwepesi miezi kadhaa huku macho na figo vinaliwa taratibu. Kuna kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu iliyopita, hicho hakidanganywi na juisi ya wiki moja. Mama akitaka kujua chaya inamsaidia kiasi gani, ale chaya iliyopikwa, aendelee na vidonge, tupime. Namba zikishuka, daktari ndiye wa kupunguza dawa, na hilo huwa tunalifanya kwa furaha.

Nikisema ukweli wa moyoni, naamini chaya inawasaidia wengi wenye sukari kwa njia ambayo hawaisemi. Angalia sahani zetu: ugali mlima, mboga kijiko pembeni. Mtu akiipenda chaya anajaza nusu ya sahani majani, ugali unabaki robo, robo nyingine maharage au samaki. Sukari inashuka. Sifa zote anapewa chaya, ugali uliopunguzwa hakuna anayeutaja.

Unga wa kwenye basi tupa. Kwanza jani lililokaushwa tu bila kupikwa bado lina mabaki ya kile alichoeleza Mzee. Pili, katika nchi mbalimbali imegundulika kwamba unga wa "mitishamba ya sukari" ulichanganywa na dawa ya hospitali hiyohiyo ya kushusha sukari ili ionekane unafanya kazi. Mama akiwa tayari anameza glibenklamaidi, anaongeza nyingine bila kujua. Tiba asili ina sheria yake, Na. 23 ya mwaka 2002, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linasajili waganga na dawa. Muuzaji asiyeandika hata jina lake kwenye mfuko, mtamtafutia wapi?

Kama figo za mama zimeshaguswa, muulize daktari kabla ya kumjazia mboga za majani za aina yoyote. Vivyo hivyo kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande.

---

BintiUyole amejibu:

Mzee, Nesi, Mungu awabariki. Ndaga fijo.

Nimemsomea mama yote, nimesimama mlangoni kama karani wa mahakama. Sehemu ya moto amesikiliza kimya, akasema, "Huyo mzee wa Uheheni ana akili." Sehemu ya ugali hakuipenda. Amesema nesi huyo bado msichana, hajui njaa. Lakini vidonge ameahidi ataendelea, na unga nimeumwaga chooni akiniona.

Limebaki moja, ambalo kwake ni kubwa kuliko sumu. Anasema chaya yangu ya karanga ni chakula cha watoto, haina nguvu. Kama ataila kila siku basi ipikwe kiutu uzima. Na ameuliza kama yale maji ya kuchemshia anaweza kunywa kama supu, badala ya juisi. Pia nimesoma mahali kwamba sufuria za alumini hazifai, na mimi nyumba nzima ni alumini.

---

Mama Lishe Kyela amejibu:

Mwambie mama ugonile, mimi ni wa huku bondeni, namwelewa kabisa. Chaya hapa Kyela haijui baridi, ipo mwaka mzima, nawapikia wateja na wengi wanadhani ni kisamvu.

Chuma majani laini ya juu na ya katikati, yale makubwa ya chini ni magumu kama turubai. Kama yako inawasha vidole vaa soksi mkononi, ikishapikwa haiwashi. Toa vikonyo na ule uti wa kati. Osha kwanza, kisha kunja majani kama tumbaku uyakate membamba kabisa, ndipo uwashe moto. Usifanye haraka, yaache yakae yamekatwa wakati mkaa unashika. Bibi yangu alifanya hivyo kwa kisamvu nami nimeendelea. Tia kwenye maji mengi yanayotokota, chumvi kidogo, bila mfuniko, geuza mara kwa mara. Maji yake mwaga. Kamua majani.

Pembeni weka mawese kidogo, ya kwetu yale mekundu, na kwa mgonjwa wa sukari kijiko kimoja kinatosha, usimsikilize akitaka viwili. Kitunguu mpaka kiwe laini, nyanya mbili mpaka zipotee, kisha usipa wakavu uliowaosha kwa maji ya moto na kuwatoa vichwa. Mimina majani, koroga, acha vikae pamoja kwa moto mdogo. Mwisho ndimu. Pilipili aweke mwenyewe, maana watu wa Rungwe wanajidai hawaiwezi halafu wanamaliza yote.

Kama hakuna usipa, maharage yaliyochemshwa yanaingia vizuri. Nazi pia, ila nesi atanigombeza.

---

Mzee wa Ismani amejibu:

Mama Lishe, hapo ulipomuiga bibi, kukata na kuacha majani yakae, ndipo kwenye ufundi wenyewe. Majani yaliyokatwa yanapokaa, kile kimeng'enya kinapata nafasi ya kuivunja linamarini kwa wingi, halafu moto unakuja kuifukuza sianidi. Ukitia jani zima kwenye maji yanayochemka, kimeng'enya kinakufa mapema na linamarini nyingine inabaki haijavunjwa, inaingia kwenye maji. Kwa hiyo kusaga na kupika ni jambo zuri. Kusaga na kunywa ndiko ninakokukataa.

Hilo linajibu habari ya supu. Wapo wanaokunywa maji yake na maelezo mengi yanaruhusu. Mimi nyumbani kwangu namwaga, hasa kwa mtu anayetaka kuila kila siku na ambaye hajui aina ya mti wake. Vitamini C nyingi itapotea, akalambe chungwa. Protini, kalsiamu, madini ya chuma na vitamini A vilivyomo kwenye jani ni vya kutosha, na sehemu kubwa inabaki kwenye majani yenyewe.

Sufuria ya alumini: onyo hilo lipo karibu kila penye maandishi ya chaya, wanasema huharisha. Mimi hupikia chungu cha udongo kwa sababu ninacho na kinanipendeza. Mnunulie mama chungu pale Mwanjelwa, kisha mwambie mboga ya chungu ina nguvu zaidi. Hapo sitegemei sayansi, nategemea uzoefu wangu na wazee.

---

Makambako Njia Panda amejibu:

Habari za humu. Mimi nimeingia kimya nikasoma hadi mwisho. Mzee, vijiti vya kupanda napata wapi, na Makambako nayo si baridi? Au ndiyo tuiingize ndani kwenye ndoo na watoto?

---

Mzee wa Ismani amejibu:

Makambako ni baridi, ila jaribu ukuta wa nyumba unaopata jua la mchana na kukingwa upepo. Kusi ya kwenu ndiyo inayoua kuliko baridi yenyewe.

Mbegu usitafute, hii ya kufugwa haizai mbegu za maana, ni vijiti tu. Mwombe mtu wa Pawaga au Usangu anayekuja mnadani. Chagua tawi lililokomaa lenye gome la kijivu, urefu wa toka kiwiko hadi ncha za vidole. Usipande siku hiyohiyo. Laza kivulini siku kadhaa mpaka jeraha likauke na utomvu ukome, la sivyo kitaoza kwenye udongo. Sasa hivi Juni usikipande kabisa, ngoja udongo upate joto. Oktoba mwishoni hadi mvua za kwanza za Novemba ndio wakati wake, umbali wa mita moja na nusu kati ya kijiti na kijiti, mbolea ya samadi iliyooza, maji kidogo.

Msimu wa kwanza kiache kijenge mizizi, chuma machache ya kuonja. Baada ya hapo vuna, lakini kila unapochuma acha nusu ya majani juu ya mti. Utomvu ukikurukia machoni suuza kwa maji mengi. Na mbuzi wafunge mbali.

BintiUyole, ukipogoa Septemba usitupe matawi. Huyu wa Makambako anayahitaji.

---

BintiUyole amejibu:

Nitamwekea. Atume mtu wa basi, nitafunga kwenye gunia. Blenda imeshapona, tumeanza kusagia karanga.